Kinyanyuzi cha mapipa baada ya miaka minne Iyunga: kipi kinalika, na kibadilishwe lini

Lau ningeombwa maoni wiki ile kinyanyuzi chetu kiliposhushwa kwenye lori, ningekisifu kwa mambo mepesi: kwamba rangi yake inang'aa, kwamba kinateleza vizuri sakafuni, na kwamba mtu mmoja anahamisha peke yake pipa ambalo zamani lilitaka watu watatu. Sasa kimetimiza miaka minne kikifanya kazi kila siku katika ghala la vilainishi ninalolisimamia hapa Iyunga, Mbeya, na katika miaka hiyo nimekwishabadilisha mdomo wake mara mbili, sili za jeki (pete za mpira zinazozuia oili isivuje) mara mbili, magurudumu ya mbele mara tatu na pini zote. Ndiyo maana naona leo ndiyo siku inayofaa kukiandikia tathmini. Anayetaka kununua kifaa cha namna hii anahitaji kujua zaidi ya uwezo wake siku ya kwanza. Anahitaji kujua kinachoka wapi, kinaonyeshaje kwamba kimechoka, na kama kipuri chake kinapatikana kabla mtu hajaumia.

Ni kinyanyuzi cha kusukuma kwa mkono: miguu miwili ya chuma iliyotanuliwa mbele ili kulikumbatia pipa, mhimili uliosimama, jeki ya haidroliki inayopigwa kwa pedali ya mguu, mdomo wa chuma unaong'ata ukingo wa juu wa pipa, na mkanda unaolishika pipa tumboni lisiyumbe. Kibao chake kimeandikwa kilo 350. Jina la kiwanda kilichokitengeneza sitalitaja, kwa kuwa vinyanyuzi vya umbo hili hutengenezwa na viwanda vingi vinavyofanana hadi bolti, na ninayoyasema yanavihusu karibu vyote.

Mzigo wetu mkubwa ni mapipa ya chuma ya lita 200 yenye oili ya injini, oili ya gia na oili ya haidroliki kwa ajili ya malori yanayokwenda Tunduma na kurudi, pamoja na mashine za mbao na za mashambani. Pipa tupu la namna hiyo huwa na kilo 18 hadi 22, na likijaa oili hukaribia kilo 200, kwa hiyo tuko chini kabisa ya uwezo ulioandikwa. Mwenzetu wa jirani anayehifadhi molasi yuko katika hali tofauti, kwani molasi ina uzito wa karibu mara 1.4 ya maji, na pipa lake lililojaa hufika kilo 300. Kinyanyuzi kilekile kitalimudu, lakini kila sehemu inayolika kwangu kwa mwaka italika kwake mapema zaidi, na ratiba yangu asiifuate bila kuipunguza.

Nianze na mdomo, kwa sababu ndiyo sehemu inayobeba maisha ya mtu. Umeundwa kwa taya mbili: moja huingia upande wa ndani wa ukingo wa pipa, nyingine hukaa nje chini ya ukingo huohuo, na pipa linapoanza kunyanyuka uzito wake wenyewe huzivuta taya zikabane zaidi. Ni ubunifu mzuri sana, maana hakuna skurubu ya kukaza wala kitu cha kusahau. Lakini unategemea makali ya taya ya nje yabaki na umbo lake. Makali hayo yakianza kuwa ya mviringo, taya haing'ati tena, inaegemea tu. Pipa bado litanyanyuka, na kesho yake pia litanyanyuka, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu mdomo uliolika hufanya kazi karibu sawa na mpya mpaka siku ambayo ukingo wa pipa una oili, au pipa limebonyea kidogo, au gurudumu limegonga ufa wa sakafu.

Kwetu dalili ya kwanza aliiona kijana wa ghala, mwezi wa 14 tangu tununue. Aliniita: "Dada, njoo uone huu ukingo." Nikainama. Juu ya rangi ya bluu ya pipa palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, mrefu kama kidole, uliokwenda kuelekea juu. Mdomo unaong'ata vizuri huacha alama fupi kama ya jino; mkwaruzo mrefu maana yake taya imeteleza kabla ya kushika. Nilielewa kwamba umechoka, lakini mdomo mpya ulikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na nikakubali ushauri wa kuupeleka kwa fundi wa kuchomelea aujaze kwa vijiti vya kawaida na kuusugua upate makali.

Uamuzi ule ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya. Taya hizi hutengenezwa kwa chuma kilichotiwa ugumu kwa moto maalumu, na joto la kuchomelea huuondoa ugumu ule. Sehemu moja hubaki laini, na pembeni yake chuma huweza kuwa kikavu chenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Mdomo wetu ulishika kwa wiki tatu. Siku moja asubuhi, kijana yuleyule alikuwa akishusha pipa la oili ya gia kwenye mteremko mfupi wa mlangoni, pipa likiwa limenyanyuliwa kama sentimita 30 tu, taya ikakatika pale palipojazwa. Pipa lilitua kwa ukingo wa chini, mshono ukapasuka, na oili nzito ikaanza kutambaa taratibu mpaka barazani. Kijana aliruka kando, na buti lake la chuma puani ndilo lililopigwa na ukingo wa pipa. Hakuumia. Tulifunga mlango siku mbili tukimwaga vumbi la mbao na mchanga, na oili iliyopotea pamoja na kazi ya kusafisha vilizidi mara nyingi bei ya mdomo ambao ningeagiza siku ile ya mkwaruzo.

Tangu hapo mdomo hauchomelewi. Ulipofika mpya, kabla ya kuufunga niliweka taya yake juu ya kipande cha bati nilichokata kwenye mfuniko wa pipa kuukuu, nikaichora kwa msumari, nikakata umbo lake, nikapata kigezo. Kila Jumatatu tunakiweka kigezo kwenye makali ya taya na kumulika tochi kutoka nyuma. Mwanga ukipita kama uzi, bado tunaendelea. Ukipita kiasi kwamba kipande cha kadi ya vocha kinaingia bila kusukumwa, tunaagiza mdomo mpya siku hiyo. Kadi mbili zikiingia, kinyanyuzi kinasimama hata kama mteja yuko mlangoni na lori linanguruma. Kipimo hicho si cha kiwanda, ni changu, na nimekiweka upande wa tahadhari. Mdomo wa pili ulidumu miezi 17 kwa mapipa kati ya 25 na 40 kwa siku, na tuliuondoa ukiwa bado unashika.

Pamoja na makali kuna springi ndogo inayoirudisha taya mahali pake. Ikilegea, utasikia badala ya kuona: mlio mkavu wa taya kufunga huwa mzito, au haupo, na mfanyakazi huanza kuupiga mdomo kwa kiganja ili ushike. Mtu akianza kuipiga mashine ili ifanye kazi yake, msimamizi asingoje dalili nyingine. Springi hii ni rahisi mno na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Kasoro yake ni kwamba mtengenezaji ameificha ndani ya kikombe cha chuma, hivyo huwezi kuiona bila kufungua. Hapo nampunguzia alama.

Jeki inastahili maelezo marefu vilevile, kwa kuwa ndiyo inayosemwa vibaya kuliko sehemu yoyote, na mara nyingi kwa makosa. Hapa Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi huifanya oili ya jeki iwe nzito. Pedali inakuwa ngumu, mhimili unapanda polepole, na mtu asiyejua anasema sili zimekufa. Hazijafa. Ngoja hadi saa nne jua lipande, jeki itarudi katika hali yake. Tulipohama kutoka oili ya haidroliki ya daraja la 46 kwenda ya daraja la 32, inayotiririka kwa urahisi zaidi kwenye baridi, malalamiko ya asubuhi yalipungua sana.

Sili iliyochoka kweli ina dalili nyingine. Jaribio letu ni la chaki: pipa lililojaa linanyanyuliwa sentimita 15, tunachora mstari kwenye mhimili, tunaliacha dakika kumi bila kuligusa wala mtu kuweka mguu chini yake. Mstari ukibaki palepale, jeki ni nzima. Pipa likititia, swali linalofuata ni wapi. Ukikuta oili imelowanisha fito inayong'aa ya jeki au inadondoka sakafuni, sili ya nje ndiyo iliyokwisha. Ukikuta pakavu kabisa na bado pipa linashuka, basi ni sili ya ndani au valvu ya kushushia ambayo haifungi sawasawa, na kabla ya kuagiza chochote ni vizuri kutazama kwanza kama pedali ya kushushia imejipinda, au kama uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu. Mara moja tulikaribia kuagiza seti nzima ya sili, kumbe ilikuwa chembe ya mchanga. Tulibadilisha oili, tukaisafisha valvu, na pipa halikushuka tena hata milimita moja. Na kama jeki inadunda kama mpira unapopiga pedali, hiyo ni hewa, itolewe.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila mwenye jeki ya aina hii alisikie. Katika mwaka wa kwanza kiwango cha oili kilishuka, na karakana moja ya mtaani iliyoitwa kuhudumia mashine zetu iliongeza oili ya breki, kwa hoja kwamba breki za gari pia ni haidroliki. Oili ya kawaida ya breki za magari si ya asili ya petroli, na mpira uliotumika kwenye sili za jeki nyingi hauivumilii. Ndani ya wiki chache pedali ilikuwa ngumu kama imekwama, na tulipofungua tulikuta sili zimevimba na kulainika kiasi kwamba unaweza kuzikwangua kwa ukucha. Hakuna kipuri kilichokuwa kimefikia umri wake. Vyote viliuawa na chupa moja. Siku hizi chupa ya oili ya jeki inakaa kwenye kabati lake, imefungwa kwa kufuli, na juu yake nimeandika jina lake kwa rangi nyekundu.

Ukishafungua jeki ili kubadilisha sili, usiifunge kabla ya kupitisha ukucha kwenye fito, kuanzia juu hadi chini, ukiizungusha. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, sili mpya itakatwa palepale ilipokatwa ile ya zamani, na utarudia kazi baada ya miezi miwili. Fito kama hiyo hupelekwa kwa wenye uwezo wa kuiweka upya tabaka lake gumu la kromu, au hununuliwa nyingine. Namsifu mtengenezaji kwa dhati katika eneo hili: jeki hii hufunguka kwa spana za kawaida, na vipimo vya sili vimechorwa kwenye mwili wake, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Duka moja la Dar es Salaam lilinitumia kwa basi sili zilizofanana kabisa kwa macho lakini zenye kipenyo cha ndani kilichozidi kwa milimita mbili. Niligundua kosa kwa sababu ya namba zile kabla sijapoteza siku nzima. Ushauri wangu ni kwamba usiagize sili kwa kutuma picha. Agiza kwa namba na kwa kipimo.

Magurudumu ndiyo yanayokwisha haraka kuliko vyote, na sababu yake hapa kwetu iko ardhini. Udongo wa Mbeya na Rungwe una majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vya pumisi, na vumbi lake, hata likionekana laini kama unga, ni la kukwangua. Huingia kwenye beringi, huchanganyika na grisi, na kugeuka kuwa msasa. Seti ya kwanza ya magurudumu ilikuja na beringi namba 6204 za wazi, na hazikumaliza miezi saba. Namba hiyo ni ya kawaida sana na nilizipata sokoni Mwanjelwa siku hiyohiyo, lakini safari hii nilichukua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, zile ambazo mwishoni mwa namba zake huandikwa 2RS. Tofauti ya bei ni ndogo; tofauti ya umri ilikuwa zaidi ya mara mbili. Ili kujua kama beringi imekwisha, nyanyua gurudumu kutoka sakafuni, lizungushe kwa mkono na uweke mkono wa pili kwenye uma wake: beringi nzima huisikii, iliyochoka huisikia kama punje za mchele zinazosagwa, na iliyokufa hulitikisa gurudumu kushoto na kulia.

Mpira wa gurudumu lenyewe ni poliurethani, plastiki ngumu mithili ya mpira, juu ya chuma. Huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoboka kwa chembe za chuma zilizozagaa sakafuni na kupata bapa kwa kusimama muda mrefu na mzigo. Dalili yake ni mlio wa kugonga unaorudi kila mzunguko. Ya pili ni unyevu, ambao kwa miaka huivunja poliurethani za aina fulani kutoka ndani, hadi inapasuka na kubanduka kwenye chuma hata kama kifaa kimetumika kidogo. Rafiki yangu wa Tukuyu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, alitoa kinyanyuzi stoo kikiwa karibu kipya na magurudumu yakabanduka vipande vipande wiki ya kwanza. Kwa hiyo ukinunua magurudumu ya akiba, usinunue ya miaka kumi. Na yabadilishwe kwa jozi daima, kwa kuwa gurudumu jipya likiwa upande mmoja na lililolika upande wa pili, mhimili huinama, na pipa linaloning'inia nje ya mstari huufanya mdomo ulike upande mmoja.

Wenzetu wa Mafinga wanaohudumia viwanda vya mbao wana tatizo ambalo mimi sina: gundi ya mbao hudondoka, hukaukia kwenye magurudumu na kuyafunga. Huko kinachohitajika zaidi ni kisu na maji ya moto kila jioni.

Pini na bushi zake, yaani pete ambamo pini hukaa, nilizidharau kwa muda mrefu. Hazipigi kelele, hazivuji, na zimejificha kwenye viungo. Nilipozichomoa mwaka wa tatu nilizipeleka kwa mzee mmoja mkerezaji, ambaye karakana yake inasikia treni za TAZARA zikipita. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akachukua pini ya mdomo na kuiviringisha juu ya kioo alichokiweka kwenye meza yake. Pini nzima inaviringika kimya. Yetu ilitembea ikigonga, tak, tak, tak. Akaipima kwa kalipa pale inapokaa bushi na pale isipoguswa, akanionyesha tofauti. "Hii haijavunjika, mwanangu," akasema, "lakini imeshaaga." Palikuwa pamelika zaidi ya milimita moja katika pini ya milimita 16, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mdomo wa pili ulikuwa unalika upande mmoja: pini iliyolegea huiruhusu taya ikae mshazari.

Alinieleza pia sababu ya kutongoja. Nguvu ya chuma kinachopindwa haipungui sawa na unene wake. Kwenye uma za foklifti, kwa mfano, kanuni inayotumika duniani ni kwamba zikilika asilimia 10 ya unene pale zinapopinda, ziondolewe, kwa kuwa asilimia 10 ya unene ni karibu asilimia 20 ya uwezo wa kubeba. Kwenye fito ya mviringo kama pini hasara huwa kubwa zaidi. Mimi nimeamua kuondoa pini ikilika asilimia 5, na bushi hubadilishwa pamoja nayo, kwani kuweka pini mpya kwenye bushi iliyopanuka ni kuitia pini mpya ugonjwa wa zamani.

Mkanda una hesabu fupi: ukikatika nyuzi pembeni, ukiungua, au mshono wake ukianza kufumuka, utupwe, hakuna kushona. Vivyo hivyo, kwa walio na winchi ya mnyororo juu ya ghala, ndoano iliyofunguka zaidi ya asilimia 5 ya upana wake wa awali, au iliyolika asilimia 10, au iliyojisokota kwa namna inayoonekana kwa macho, haipashwi moto ikanyooshwa. Inaondolewa. Cheni bapa za mhimili wa foklifti hubadilishwa zikirefuka asilimia 3, maana yake kipande kilichokuwa milimita 300 kikifika milimita 309.

Bolti zinahitaji neno moja zaidi, kwa sababu ni rahisi kununua isiyofaa. Kinyanyuzi hiki kimekuja na bolti zilizogongwa 8.8 kichwani. Namba ya kwanza, ikizidishwa kwa 100, ni nguvu ya chuma chake, kwa nyutoni, kwa kila milimita ya mraba. Bolti ya 4.8, inayofanana nayo kabisa kwenye sanduku la duka, ina nusu tu ya nguvu hiyo, na bolti isiyo na namba yoyote sijui niseme nini juu yake zaidi ya kukuomba usiifunge. Nilizikuta mbili za namna hiyo kwenye mhimili wetu baada ya matengenezo ya zamani, na nilizitoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Kitabu cha maelekezo ndicho kinachoniudhi zaidi katika bidhaa hii. Kinasema sehemu zinazolika "zikaguliwe mara kwa mara", pasipo kutaja hata kipimo kimoja cha kikomo. Kifaa kinachonyanyua kilo 350 mbele ya miguu ya mtu kinastahili jedwali la ukurasa mmoja: mdomo uondolewe ukifika wapi, pini ikilika kiasi gani, springi ikiwa na urefu gani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mitambo yake ni salama, na mkaguzi akija atauliza kumbukumbu. Mimi nimelazimika kulitunga jedwali langu mwenyewe na kulibandika ukutani, na kila badiliko linaandikwa kwa tarehe na idadi ya mapipa. Daftari hilo sasa lina thamani kuliko kitabu cha kiwandani.

Kwa ghala lenye mapipa ya chuma 20 hadi 40 kwa siku na sakafu ya zege, ningekinunua tena, kwa masharti kwamba siku ya kununua muuzaji atoe pamoja nacho mdomo mmoja wa akiba, springi mbili, seti mbili za sili na jozi ya magurudumu ya mbele. Vyote hivyo havikufikia thamani ya pipa moja la oili ya injini nilipovinunua, na ndivyo vinavyotofautisha kusimama saa mbili na kusimama siku kumi ukingoja kifurushi. Muuzaji asiyeweza kukutajia namba ya sili ya bidhaa anayoiuza, mwache. Kwa mwenye mapipa ya plastiki simshauri, kwa kuwa ukingo wake ni laini na taya hizi huukata. Huko inafaa aina inayobana tumbo la pipa. Na kwa mwenye uwanja wa udongo usiosakafiwa, magurudumu yatamla fedha kuliko mashine yenyewe.

Mdomo wa tatu uko kwenye kinyanyuzi tangu Machi, na wa nne uko kabatini, umefungwa kwa karatasi ya mafuta pamoja na kigezo chake cha bati. Jumatatu iliyopita mwanga ulipita kama uzi upande wa kushoto, na kijana aliandika kwenye daftari kabla sijamwambia.